Mwaka Mkondo Mdogo Ulipokauka

Nilipochumbiwa niliambiwa nitakwenda kukaa kisiwani, nikacheka. Mimi ni mtu wa Endasak, nimekulia kwenye mteremko wa Hanang kati ya mahindi na maharage, na kisiwa nilichokijua kilikuwa cha kwenye kitabu cha jiografia. Mchumba wangu akachukua kijiti, akachora ardhini. Kuna mto unaoshuka kutoka juu, akasema, na ukifika kwetu unagawanyika. Mkondo mmoja unakwenda huku, mwingine kule, halafu chini kidogo inakutana tena. Katikati ndipo nyumbani.

Ndivyo palivyo hadi leo. Ukitoka Dongobesh na bodaboda, ukaiacha barabara ya Haydom na kushuka bondeni, unaona matete, halafu mapaa machache ya bati yaliyokaa kama yamesukumwa pamoja. Udongo ni mweusi na unashika unyevu hata kiangazi, kwa hiyo sisi wa kisiwani tunalima vitunguu saumu wakati wenzetu wa juu wanasubiri mvua. Mkondo mkubwa uko upande wa mawio, una kina na haukauki. Mkondo mdogo uko upande wa machweo. Hauna maji mengi, ila chini yake ni tope linalomzamisha ng'ombe hadi tumboni, na kwa sababu hiyo mifugo ya watu haiingii mashambani kwetu. Pa kuvukia ni mahali pamoja tu, penye mawe yaliyopangwa, na tumepawekea lango la miba.

Nilipofika nikiwa bibi harusi, kitu cha kwanza kilichonishangaza ni mama mkwe wangu kufagia kivuko. Kila jioni, kabla jua halijazama, alichukua tawi lenye majani, akaenda pale watu wanapokanyagia wakitoka majini, akasawazisha tope mpaka likawa laini kama uso wa ugali uliopakuliwa. Nilidhani ni usafi. Asubuhi yake nikamwona amechuchumaa palepale, anasoma.

"Jirani wa pampu ametoka mapema," alisema bila kunitazama. "Amerudi amebeba kitu kizito. Angalia kisigino."

Jirani wa pampu ni mwanamume wa kaya iliyo karibu na sisi. Tunamwita hivyo kwa sababu yeye ndiye mwenye pampu ya kuvutia maji. Nikaangalia kisigino. Kilikuwa kimezama kweli.

Baada ya muda nilielewa kwamba kila mtu kisiwani alijua habari ya kufagia, na kila mtu alitembea akijua. Wengine walipita juu ya mawe tu ili wasiache alama. Mama mkwe aliwashuku hao kuliko wote. Na mimi mgeni, nyayo zangu ndizo zilizosomwa zaidi. Siku moja nilikuwa nimeacha simu yangu dukani inachajiwa, nikavuka kuifuata, nikakumbuka nimesahau kanga, nikarudi, nikavuka tena. Kesho yake, tukiwa tunapembua maharage, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Jana ulifika ng'ambo ukarudi, ukaenda tena. Ulikuwa unakutana na nani?"

"Nilisahau kanga, mama."

"Sawa," akasema, na akaendelea kupembua. Lakini hakusema kama mtu aliyeamini.

Mume wangu ni fundi mwashi, na kazi nyingi ziko Babati. Anakuja, anakaa kidogo, anaondoka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka tulikuwa wawili, mimi na mama mkwe, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyozungukwa na maji. Nilijifunza kuishi na macho yake mgongoni. Nilijifunza pia, na hili lilinishangaza, kuwa na macho kama yake. Nikipita kivukoni nilijikuta naangalia chini. Ndala hizi za nani? Mbona huyu ameburuta mguu? Kisiwa kinakufanya hivyo. Mnakula udongo mmoja na maji mamoja, na anachofanya mwenzako juu ya mto kinakufika chini.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa mjamzito, mimba ya kwanza. Nesi wa kliniki alikuwa ameniambia kwamba siku zangu zinaangukia mvua za kwanza, na kwa kuwa ninakaa mahali panapozungukwa na mto, ingefaa niende mapema Haydom, kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito iliyo karibu na hospitali. Nilipoeleza nyumbani, mama mkwe aliweka kikombe chini.

"Ukalale chumba kimoja na watu usiowajua?"

"Wote ni wajawazito, mama."

"Hujui wanatoka wapi wala wana nini moyoni."

Mume wangu kwenye simu alisema nimsikilize mama. Nilijiambia bado kuna muda.

Wakati huohuo mkondo mdogo ukaanza kupungua. Kiangazi hupungua kila mwaka, na hatukutia maanani. Lakini mwaka huo ulipungua vibaya. Mfereji unaoleta maji kwenye vitunguu vya upande wetu ukabaki na uzi wa maji tu, kisha ukakauka. Tope la mkondoni likaanza kuwa gumu juu, likapasuka. Cha ajabu, mkondo mkubwa ulikuwa umejaa kuliko ilivyo kawaida ya kiangazi. Jirani wa pampu ndiye aliyesema kwanza. Alikuja uani kwetu, akasimama bila kukaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Maji hayajaisha mtoni. Yanakwenda upande mmoja. Kuna mtu ameziba."

Walikwenda wanaume kuangalia kichwa cha kisiwa, pale mto unapogawanyika. Walikuta mdomo wa mkondo mdogo umefungwa. Yalikuwa mawe yamepangwa, makubwa chini na madogo juu, na katikati yake vimesukumwa viroba vya mchanga. Si kazi ya maji. Na kwenye mchanga wa pembeni walikuta alama za katambuga, viatu vile vinavyokatwa kwenye tairi la gari. Meno ya tairi yalionekana wazi.

Kisiwani sisi huvaa ndala, au viatu vya mvua, au tunatembea peku. Katambuga ni za wafugaji. Na ng'ambo ya mkondo mdogo, usawa na kivuko chetu, ilikaa familia moja ya wafugaji waliopanda kutoka uwanda wa Hanang miaka kadhaa kabla sijaolewa. Baba wa familia ile alikuwa mrefu, mpole, mtu wa shuka na fimbo. Mkewe, mama mwenye bangili za shaba zilizojaa mkononi, alitutembelea karibu kila siku na vibuyu vya maziwa. Mimi binafsi nilimpenda. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache, changu pia si cha kujivunia, kwa sababu nyumbani tunasema Kiiraqw, basi tukikutana wote tulikuwa kama watu wanaovuka juu ya mawe, polepole, na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Sasa kila kitu alichokuwa amefanya kikageuka. Mbona alikuwa akikaa uani muda mrefu hivyo? Mbona aliwahi kuuliza vitunguu vitavunwa lini? Jirani wa pampu alisema mambo yote yalikuwa wazi: tope likikauka, ng'ombe watapita, na majani yote ya kisiwani, na mashamba yenyewe, yatakuwa malisho. Nilisikia wanawake wakisema maziwa yake siku hizi yana harufu. Nikayanusa ya kwetu. Sikusikia harufu yoyote, lakini nilinusa mara ya pili.

Mwenyekiti wa kitongoji aliitisha kikao nyumbani kwa jirani wa pampu. Yule mzee mfugaji alikuja na mkewe, wakakaa kwenye benchi peke yao. Hakuna aliyesogea kukaa nao.

"Mzee, shikamoo," mwenyekiti alianza. "Watu hawa wanasema umeziba mto. Umeziba?"

"Sijaziba."

"Katambuga zimeonekana pale kichwani."

"Mimi nina katambuga. Mto huu una watu wengi."

"Kisiwani hatuvai," akadakia jirani wa pampu. "Na huku ng'ambo karibu na mto, mfugaji ni wewe tu."

"Ng'ombe wangu wanakunywa maji," alisema yule mzee. "Mtu wa ng'ombe hafungi maji."

Mkewe alikuwa akitazama miguu ya watu, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kisha akatazama mikono yake mwenyewe.

Uamuzi ulikuwa kwamba mzee aondoe ng'ombe wake pale juu ya kichwa cha kisiwa walipozoea kunywa, awapeleke chini kabisa, mikondo inapokutana, mwendo mrefu kwa ndama. Na wanaume wa kisiwani wangebomoa ule ukuta baada ya kuvuna mahindi ya juu, kwa kuwa vitunguu vya upande ule vilikuwa vimeshanyauka na kila mtu alikuwa na shughuli. Hakuna aliyetamka kwamba maziwa yasinunuliwe tena, lakini tangu siku ile hayakununuliwa.

Mimi nilitoka kwenye kikao kile na kitu kinanikwaruza. Ilinichukua hadi nyumbani kukijua. Mama mkwe hakusema neno. Mwanamke anayejua nani amerudi amebeba mzigo, anayeweza kukuambia huyu ana jipu mguuni kwa kuangalia tope, alikaa kikao kizima ameshika tama. Alama za viatu zimejadiliwa mbele yake na yeye hakuuliza hata zilikuwa kubwa kiasi gani. Wala hakwenda kuziangalia.

Nilianza kumtazama. Nasema kweli, nilimtazama kama alivyokuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitoka alfajiri kukata kuni, akarudi na kuni kidogo, na gauni limelowa pindo. Kuni hazioti majini. Mikono yake ilikuwa na michubuko mipya kwenye vifundo vya vidole. Nilimuuliza.

"Kuni zina miba," akasema.

"Nikusaidie kesho?"

"Na tumbo hilo? Kaa."

Siku moja alikwenda msibani ng'ambo, nami nikaingia stoo kutafuta kiroba cha kutilia mahindi. Tulikuwa na rundo zuri la viroba vitupu ambavyo mume wangu alivileta kutoka Babati. Rundo lilikuwa limepungua zaidi ya nusu. Nikasogeza jembe, nikasogeza debe, na nyuma ya debe, vimegemezwa ukutani, nikaona vitu ambavyo sikuwahi kuviona vikivaliwa na mtu yeyote wa nyumba ile. Jozi ya katambuga, kubwa, za mwanamume. Nilijua ni za marehemu baba mkwe, ambaye enzi zake aliswaga ng'ombe wa mnadani kutoka uwandani. Nikaziinua. Mikanda yake ilikuwa imelowa.

Nilikaa juu ya debe lile muda mrefu. Mtoto alicheza tumboni. Nilikuwa nikijaribu kutafuta sababu nzuri na sikuipata. Nikafikiri labda anataka tope likauke ili auze shamba kwa mtu mwenye mifugo. Nikafikiri labda anamkomoa jirani wa pampu, maana wana ugomvi wa zamani wa mpaka. Nikafikiri pia, na hili niliona aibu kulifikiri, kwamba labda ananichukia mimi na anataka nivunjike moyo nirudi Endasak.

Kesho yake alfajiri alipotoka, nilimpa muda, nikamfuata. Sikujificha. Nilipita katikati ya vitunguu vilivyonyauka, nikafuata ukingo mpaka kichwani. Alikuwa amesimama kwenye maji hadi kwenye goti, gauni amelikunja kiunoni, katambuga za mumewe miguuni zimefungwa kwa kamba ili zisichomoke. Alikuwa amebeba jiwe tumboni kama mtu anavyobeba mtungi. Aliniona. Alilishusha jiwe mahali pake kwanza, akaliweka sawa, ndipo akaniamkia kwa macho tu.

"Umekanyaga umande," akasema. "Utapata baridi."

"Mama, ni wewe."

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Alitoka majini, akakaa kwenye nyasi, akavua zile katambuga moja moja. Miguu yake ilikuwa imekunjamana na ni myeupe chini.

"Mumeo alikuambia dada yake alikufa na nini?"

Nilijua kulikuwa na dada mkubwa aliyefariki kabla sijaja. "Aliugua," nikasema.

"Hakuugua. Alikuja kujifungulia kwangu, kama kawaida ya mtoto wa kwanza. Uchungu ukamshika na mvua. Tukamweka kwenye machela, tukamfikisha kivukoni, maji yamejaa. Gari la kumpeleka Haydom lilikuwa ng'ambo, tunaliona, taa zinawaka mchana. Dereva anapiga honi. Tukasubiri maji yashuke." Alizikung'uta katambuga mchanga. "Yalishuka. Lakini yeye alikuwa ameshanyamaza, na mtoto pia."

Mto ulikuwa ukipiga kelele zake za kawaida.

"Nilitaka njia ikauke," akaendelea. "Ikikauka na kushika ugumu, mvua za kwanza hazitaivunja. Kubwa zitaivunja, najua. Lakini wewe utakuwa umepita."

"Si ungeniacha niende nikasubiri Haydom?"

"Siwajui wale watu."

Nililia kidogo, kwa sababu ya yule dada niliyevaa kanga zake bila kujua yaliyompata. Kisha nikakumbuka benchi la kikao, na watu wawili waliokaa peke yao.

"Na wale wa ng'ambo, mama? Wamebebeshwa mzigo wako. Wewe upo, unasikia."

"Wale ni watu wa kuhama. Wakichoka watahama."

Hasira iliyonipanda wakati ule sijawahi kuisikia tena. "Na hizo katambuga? Ulizivaa ili ionekane ni wao?"

"Mawe yanakata miguu," akasema.

"Ndala zako je?"

"Ndala zinachukuliwa na maji."

Alinitazama usoni aliposema, na uso wake haukuwa na kitu cha kusoma. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kusoma alama za viatu. Nimemuuliza tena mara mbili katika miaka iliyofuata, na jibu limekuwa lilelile, mawe yanakata miguu. Huenda ni kweli. Nimejaribu kutembea pale peku, na kweli yanakata.

"Mama," nikamwambia, "utasema wewe au nitasema mimi."

Hakusema kitu siku ile nzima. Alipika makande, akala kidogo, akaenda kulala mapema. Mimi nilifunga mlango wa chumba changu kwa komeo. Sikuwahi kulifunga kabla ya hapo.

Asubuhi nilimkuta uani amevaa kitenge chake cha kanisani. Alikuwa amefungua zizi na kumtoa kondoo jike, yule mzuri kuliko wote, amemfunga kamba. "Twende," akasema. Tukavuka mkondo mdogo juu ya tope lililokauka. Lilikuwa limekuwa gumu kweli, kama alivyotaka. Nilitembea juu yake na tumbo langu bila kulowesha hata kidole, na nikachukia kwamba ilikuwa rahisi.

Yule mama wa bangili alikuwa akisafisha vibuyu kwa moshi. Alitupatia viti vya kukalia, vile vya kigogo, akamwita mumewe. Hawakuuliza kondoo ni wa nini. Mama mkwe hakuzunguka. Alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, sentensi fupi fupi: nimeziba mimi, nimekaa kimya mkisingiziwa, nimekuja kuomba radhi. Akaeleza habari za binti yake kwa maneno machache kuliko aliyonipa mimi.

Mzee mfugaji alitazama kondoo. Mkewe akaendelea kusugua kibuyu kwa muda, kisha akasema, "Tulijua."

"Mlijua nini?" nikauliza.

"Kiatu kikubwa, hatua ndogo. Mwanamume mwenye mguu huo hatembei hivyo. Na anatoka kisiwani, anarudi kisiwani. Sisi pia tunaona chini."

"Sasa mbona hamkusema kwenye kikao?"

Alimtazama mumewe, naye mzee akajibu kwa niaba yake. "Mwenyekiti aliniuliza kama nimeziba. Hakuniuliza kama nimeona." Akamtazama mama mkwe. "Na ningesema ni mama huyu, mngesema nini?"

Najua tungesema nini. Mama mkwe pia alijua, kwa sababu aliinamisha kichwa, na yeye si mtu wa kuinamisha kichwa.

Wakampokea yule kondoo. Yule mama alisimama, akachuma nyasi mbichi, akampa mama mkwe mkononi. Katika nchi yetu nyasi mbichi zinamaanisha amani, kwetu na kwao vilevile. Hazimaanishi kwamba jambo limesahaulika.

Mama mkwe mwenyewe alikwenda kwa mwenyekiti, na kikao kikaitwa tena mahali palepale. Alisimama akasema. Nilidhani watu watamhurumia, kwa kuwa wengi walikuwepo siku ile ya machela. Baadhi walifuta macho. Lakini jirani wa pampu alikuwa amepoteza vitunguu nusu shamba, na alisema mbele ya wote kwamba msiba wa mtu haumpi ruhusa ya kukausha shamba la mwenzake. Hakukosea. Alidai alipwe mbegu, na tulimlipa kwenye msimu uliofuata kutoka kwenye mavuno yetu. Wanaume wakaenda kichwani siku ileile. Walichomoa viroba, wakasukuma mawe, na maji yakarudi upande wetu yakiwa na povu na majani makavu. Watoto walikimbia nayo ukingoni hadi kivukoni.

Mimi nilimpigia simu mume wangu nikamwambia naenda Haydom, na kwamba sikuwa ninaomba ruhusa. Akasema atakuja kunichukua. Mama mkwe akasema ataenda na mimi. Nilishangaa. "Siwajui wale watu," akasema tena, "kwa hiyo nitakuja kuwaangalia."

Na aliwaangalia kwelikweli. Kwenye nyumba ya kusubiria alijua baada ya muda mfupi kila mwanamke ametoka wapi, kaja na nani, na kwa nini mumewe hajapiga simu. Alikuwa na wasiwasi na uji wa pale kwa sababu hakumwona anayeupika. Alimuuliza nesi kijana maswali mpaka yule binti akawa anapita njia nyingine. Lakini alifua nguo zangu, na za mwenzangu wa kitanda cha jirani, binti aliyekuja na basi kutoka mbali bila mtu, ambaye mama mkwe alimshuku kwanza kwa siku kadhaa na kisha akawa anamsuka nywele.

Mvua za kwanza zilikuja kabla ya siku zangu. Tulizisikia juu ya bati, na mama mkwe alitoka akasimama barazani akitazama upande wa nyumbani, ingawa kutoka Haydom huwezi kuona kitu. Niliposhikwa na uchungu nilitembea kwa miguu yangu mwenyewe hadi wodini. Nilijifungua msichana. Mama mkwe alipoletewa mtoto hakucheka kwanza. Alimfunua, akamgeuza, akaangalia alama iliyo chini ya bega, akachana kipande cha kitenge chake na kumfunga kwenye kifundo cha mguu.

"Wasije wakabadilisha," akaniambia polepole, nesi akiwa palepale anasikia.

Nesi akacheka. Mimi pia nilicheka, na iliniuma kwa sababu ya nyuzi. Kisha mama mkwe akaketi kwenye ukingo wa kitanda na mtoto mapajani, akaanza kutetemeka, mwili mzima, bila sauti. Nilimwekea mkono mgongoni mpaka akatulia.

Binti yangu sasa anakimbia. Mto umejaa na kupungua mara kadhaa, na bado tunakaa kisiwani. Jirani wa pampu anatusalimia, anatoa maji kwa zamu, lakini hakai uani kwetu. Ile familia ya ng'ambo haikuhama. Ng'ombe wao wamerudi kunywa pale pa zamani. Ila yule mama haleti tena maziwa nyumba kwa nyumba. Anayetaka anamfuata, na mimi ndiye ninayekwenda mara nyingi, asubuhi, na mtoto mgongoni.

Ana tabia mpya ambayo hakuwa nayo zamani. Kabla hajanimiminia kwenye chombo changu, anainua kibuyu, anakunywa funda moja mbele yangu, anameza nikiona, ndipo anamimina. Mara ya kwanza sikuelewa. Mara ya pili nilielewa, na nikamwambia, "Mama, hakuna haja ya kuonja. Mimi nakuamini."

Alifuta mdomo kwa nyuma ya mkono, bangili zikagongana.

"Naonja kwa ajili ya wale wa nyumbani kwenu," akasema, na akanimiminia chombo kikajaa.